Wanja wa Edani

"Niache, Musab! Niache!"

"Teremsha sauti, Sheikha. Kokila anasikia huko chini."

"Na asikie! Baba yangu kafa, kazikwa, kasomewa hitima, na mimi niko hapa Queensbury nakariri vitabu vya unesi. Na wewe ulikuwa unajua!"

"Mama'ko ndiye aliyesema usiambiwe mpaka umalize exam."

"Mama'ngu yuko Unguja. Wewe ndiye unayelala na mimi. Wiki nzima unakula wali wangu, unanitazama machoni, na baba yangu yumo kaburini!"

Musab alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, koti lake la udereva wa basi halijavuliwa bado. Na sisi tulioishi Ulaya tusijifanye hatuijui ada hii. Ukipigiwa simu ukaambiwa "mzee anaumwa kidogo tu, usijali," ujue watu wanatoka makaburini. Misiba tunafichana kwa mapenzi, na mapenzi hayo yanaumiza kuliko msiba wenyewe.

"Nilitaka ufaulu," Musab alisema taratibu. "Nilitaka nikwambie mwenyewe, siku ukitoka kwenye mtihani."

"Umenifanya mtoto. Mtu anayeweza kunificha kifo cha baba'ngu, atashindwa kunificha nini? Niache."

"Una hasira. Kaa kitako."

"Sikai! Kama wewe mwanamume kweli, niache!"

Hilo ndilo neno asilopaswa kulisema. Wanaume wetu wengi ukiwaambia "kama mwanamume kweli," akili inawatoka, linabaki koti tu.

"Haya. Nimekuacha. Talaka moja."

Musab mwenyewe alishtuka kusikia sauti yake. Sheikha alikuwa ameshika mwiko, akauweka chini polepole, kama anaogopa kuuvunja.

"Nyumba kaa wewe," Musab akasema. "Mimi n'nakwenda kwa dada Mardhiya."

Akashuka ngazi. Sheikha akamsikia akimwambia Kokila, jirani yao wa chini, habari za jioni, kwa adabu ile ile ya kila siku. Ilikuwa Januari, mwaka 2004, na baridi ya London ilikuwa haina huruma na mtu.

* * *

Kesho yake Sheikha alimpigia simu mama yake kwa kadi ya kukwangua.

"Mama, Musab kaniacha."

"Yarabi toba! Kwa sababu yangu? Mimi ndiye niliyemwambia afiche, mwanangu. Yeye alitaka kusema tangu siku ya kwanza."

"Mimi ndiye niliyetaka kuachwa, mama. Na sasa kila nikikumbuka nataka kujing'ata ulimi."

"Basi kaa eda yako kwa utulivu. Mungu atafungua."

"Nifanye nini na nini? Mimi sijui."

"Eda ni eda. Mimi hapa baba'ko kanifunga: wanja sipaki, udi sijifukizi, asumini hata kuinusa sinusi. Vaa nguo za kawaida, tulia ndani, usijirembe. Sote wawili mwaka huu tumo edani, mwanangu."

Walilia pamoja mpaka kadi ikaisha. Mama wa watu alisema alichokuwa nacho. Katika ukoo wao hakuna mwanamke aliyewahi kuachwa. Eda walizozijua wao zote zilikuwa za wajane. Sheikha akachukua wanja wake, rangi za mdomo na chupa za manukato, akavitia katika mfuko wa plastiki na kuvisukuma chini ya kitanda. Akitoka, anakwenda chuoni na kurudi, amejifunga mtandio mweusi, macho makavu.

Kule Harrow, Musab alikuwa halali wala hali. Dada yake Mardhiya, mkubwa wake kwa miaka kumi, mwanamke mwenye ulimi mkali na moyo mwepesi, alimvumilia mwezi mmoja tu.

"Wewe kijana unampenda mkeo?"

"Dada, suali gani hilo?"

"Basi si umrejee! Neno moja tu: nimekurejea. Eda haijesha, huhitaji shehe wala mahari."

"Na yeye akiwa hataki? Alinililia nimwache, dada. Nikimrejea kwa nguvu nitakuwa nimempangia tena maisha yake, kama nilivyompangia msiba wa baba yake. Nataka nijue kwanza kama ananitaka."

"Unakumbuka mama alivyoachwa na baba?"

Musab akatabasamu, mara ya kwanza tangu aje.

"Mdogo mimi, lakini nakumbuka."

"Mama hakuondoka nyumbani. Kila alasiri akioga, akipaka wanja mpaka masikioni, akipita mbele ya baba na sinia la kahawa, kimya. Baba akishika tasbihi, tasbihi inamponyoka. Wiki mbili tu, mzee akanyoosha mikono." Mardhiya alicheka mpaka akafuta machozi. "Mwanamke anayemtaka mumewe edani hasemi, anajipamba. Nenda katazame macho ya mkeo."

Musab hakutaka kwenda mikono mitupu. Kulikuwa na duka la Muajemi mmoja karibu na Kensington, duka la mazulia na vyombo vya kale. Siku za mwanzo za ndoa yao, Sheikha alisimama mbele ya dirisha la duka lile akagoma kuondoka. Alikuwa amekiona kikebe cha wanja cha kauri, kidogo cha kuenea kiganjani, rangi ya feruzi, kimechorwa ndege wawili juu ya tawi la maua mekundu, na kifuniko chake kina kijiti cha kupakia. Musab alimwambia ipo siku. Miaka minne ikapita bila siku hiyo kufika.

Sasa alikwenda akakinunua. Akakijaza wanja wa manga aliouomba kwa Mardhiya, akakifunga kwa karatasi ya zawadi.

* * *

Alibisha mlango, ijapokuwa ufunguo alikuwa nao mfukoni.

"Assalamu alaykum."

"Wa alaykumu salaam."

Sheikha alisimama mlangoni na mtandio wake mweusi. Musab aliyatazama macho yake mara moja, akainamisha kichwa. Hayakuwa na wanja hata kidogo.

"Hujambo?"

"Sijambo. Na wewe? Umekonda."

"Shift za alfajiri." Akatoa kile kifurushi. "Nimekuletea hiki."

Sheikha akafungua karatasi. Ndege wawili, tawi la maua. Akakishika kwa mikono miwili.

"Cha Kensington."

"Ndiyo. Na wanja umo ndani, mzuri."

"Wa nini sasa, Musab?"

"Wa kupaka. Ukipenda. Sikulazimishi. Ukipenda tu."

Kwa Musab, yale yalikuwa maombi ya mtu aliyepiga magoti. Sheikha hakusikia hivyo. Aliwahi kusikia kwamba mume mstaarabu akimwacha mke humpa kiliwazo, zawadi ya kumliwaza mwanamke aende zake bila kinyongo. Akawaza: kaninunulia nilichokitamani miaka minne, kanipa wanja ambao siruhusiwi kuupaka mpaka nitoke eda. Maana yake nitoke, nijipambe, nikaolewe na mwingine. Kanifungia mlango kwa adabu.

"Ahsante," alisema. "Mungu akulipe kheri kwa yote."

"Kwa yote?"

"Kwa yote uliyonifanyia."

Musab akarudi nyuma hatua moja.

"Haya. Kwa heri, Sheikha."

Mlango ulipofungwa, kila mmoja alisimama upande wake, mkono juu ya mbao. Wangefungua tu, hadithi hii ingekuwa fupi na ya furaha, na mimi nisingekuwa na kazi ya kuwasimulia.

"Hanitaki, dada," Musab alimwambia Mardhiya jioni ile. "Macho makavu kama ya mtu wa msibani. Kanishukuru kama ananizika."

"Umemwambia unataka kumrejea?"

"Nimempa wanja. Nimwambie nini zaidi?"

"Mdomo una kazi gani, Musab?"



* * *

Aprili, Bi Raya akaja Queensbury kumtazama Sheikha. Bi Raya ndiye aliyekuwa mama wa Wazanzibari wote wa upande ule wa London. Ndiye anayewasinga na kuwapamba maharusi na ndiye anayewaosha maiti wa kike, na katika yote mawili hapendi kuharakishwa.

"Chai yako haina iliki," alisema baada ya kuonja.

"Imo kwenye makopo pale juu ya jiko, Bi Raya. Kaa, n'takutilia."

"Nina miguu."

Bi Raya akanyoosha mkono kati ya mkebe wa bizari na chupa ya mdalasini, akashika kitu cha feruzi, akafungua na kuchovya kidole. Kidole kikatoka cheusi tititi.

"Wewe mtoto! Wanja unakaa na viungo vya pilau?"

Sheikha akacheka kidogo, kisha kicheko kikakatika.

"Nimekitia huko nisikione. Kiliwazo hicho, Bi Raya. Kanipa Musab."

"Lini?"

"Mwezi uliopita. Alikuja hapa mlangoni."

Bi Raya akakaa kitako, kile kikebe mkononi.

"Hebu nieleze vizuri, maana mimi mzee. Mume kamwacha mkewe talaka moja. Mke yumo edani. Mume kafunga safari kumletea wanja. Na wewe ukaona hicho kiliwazo?"

"Wanja si haramu edani? Mama kaniambia."

"Mama'ko kafiwa! Mama'ko mumewe yuko chini ya ardhi, hana wa kumpambia! Wewe mumeo yu hai, anaendesha basi hapo Harrow!" Bi Raya alipiga paja lake. "Eda yako wewe ni ya kujipamba. Upake wanja, ujifukize, avutike, arejee. Mwenzio kaja kukuuliza kama unamtaka, nawe ukamjibu kwa macho matupu kuwa humtaki!"

Sheikha alikaa sakafuni pale pale, mgongo kwenye kabati.

"Alisema 'ukipenda'," akanong'ona. "Bi Raya, alisema ukipenda. Mara mbili."

"Usilie, una kazi. Alikuacha ukiwa tohara, huna damu?"

"Ndiyo."

"Damu umeshaona mara ngapi tangu hapo?"

"Mara mbili."

"Basi ikiingia ya tatu, eda imekwisha, si mumeo tena. Hapo itakuwa kuposa upya na ndoa upya. Shika simu."

Sheikha alishika simu, akaandika, akafuta, akaandika tena. Mwishowe akatuma:

"Musab, nilidhani umenipa kiliwazo. Sikujua. Leo nimejua. Nimekifungua kikebe."

Jibu lilichelewa kwa muda wa basi kufika kituoni.

"Unasema kweli?"

"Wallahi. Nimekukosea siku ile na nimekukosea mlangoni. Nakutaka."

"Nimesimamisha basi, abiria wananitazama nalia. Kesho nikimaliza shift alasiri nakuja."

Bi Raya, anayesoma simu za watu bila aibu, akasema:

"Mpigie! Aliseme neno sasa hivi, yaishe."

Sheikha akapiga.

"Bi Raya anasema uliseme sasa hivi."

"Neno hilo silisemi kwa simu, Sheikha." Sauti yake ilikuwa inatabasamu. "Talaka niliitamka nakutazama. Na hili nitalitamka nakutazama, na wanja wako. Nimengoja miezi, kesho nitashindwa?"

Sheikha aliona haya kumwambia afanye haraka, na haraka ya nini. Angesemaje, mwanamke, na haya zote zile?

"Haya. Kesho nakupikia pweza."

"Wa nazi?"

"Wa nazi. Njoo na njaa."

* * *

Asubuhi yake damu ilimwingia. Siku mbili kabla ya alivyotarajia.

Alikaa ukingoni mwa bafu akajitazama miguu. Kisha akacheka peke yake. Basi ndiyo itakuwa ndoa mpya, akawaza. Ataniposa, na safari hii nitamringia mpaka Mardhiya aje kunibembeleza. Hakumwambia mtu. Alitaka amwambie Musab mwenyewe, wacheke pamoja.

Alipika. Alifukiza udi nyumba nzima mpaka Kokila akaja kuuliza kama kuna harusi.

"Bado kidogo," Sheikha alimjibu.

Akakaa mbele ya kioo, akafungua kikebe, akachovya kile kijiti, akapaka jicho la kulia, kisha la kushoto. Miezi ilikuwa imepita. Alijiona kama anakutana na mtu aliyekuwa safarini.

Alasiri ikafika. Basi la Harrow likapita, na la pili, na la tatu. Simu ikalia. Mardhiya.

"Sheikha..."

"Dada, mwambie ndugu yako pweza anapoa."

"Sheikha, mwanangu. Kaa kitako."

"Usinifiche kitu." Sheikha alisimama. "Dada Mardhiya, mimi na wewe, usinifiche kitu. Sema."

"Kafa, Sheikha. Musab kafa. Kamaliza shift, kaoga huko huko kazini, kanyoa, kavaa shati jipya. Kaanguka anatoka kwenye geti. Moyo. Wamemfanyia kila kitu, hakurudi."

Hakulia. Alizima jiko, akachukua koti, akatoka. Wanja wote ulikuwa machoni.

* * *

Kesho yake sebule ya Mardhiya ilijaa wanawake, misahafu ikasomwa, na mnong'ono ukaanza kutoka kona mpaka kona. Mtalaka kaja. Kapaka wanja, mwaona? Hana hata haya.

Mardhiya aliwasikia. Akafunga msahafu.

"Nyamazeni! Huyu ndugu yangu kafa akiwa njiani kumrejea. Talaka moja, eda haijesha. Mume akifa hapo, mke ni mke. Yeye ndiye mjane hapa. Yeye ataingia kumwona leo, kabla hajatolewa, na yeye ndiye atakayekaa eda ndani ya nyumba yangu. Mwenye neno aseme mbele yangu."

Mwanamke mmoja akamsogelea Sheikha kumpa mkono wa pole, na wengine wakafuata. Pole, mwenzetu. Mungu akupe subira. Kwa mara ya kwanza tangu jana, Sheikha alikuwa na mahali pa kukaa.

Bi Raya akainama karibu naye. Aliuliza kwa sauti ya chini, lakini sebule nzima ilikuwa imenyamaza.

"Mwanangu, lazima nikuulize, na neno lako ndilo litakalofuatwa. Ya tatu ilikuwa haijaingia?"

Sheikha akamtazama. Akamtazama Mardhiya, aliyekuwa anatikisa kichwa taratibu: haijaingia, sema haijaingia. Hakuna daktari ambaye angemkanusha, wala shahidi. Neno moja tu na Musab angekuwa mumewe mpaka siku ya kufufuliwa. Angembusu paji la uso. Angelia kwa jina la mjane, na watu wangempisha alie.

Akamgeukia Bi Raya.

"Iliingia," alisema. "Jana asubuhi. Kabla yake."

Mnong'ono ukapita chumbani. Mwanamke aliyekuwa amemshika mkono akauachia, si kwa ubaya, hakujua tu aushikie nini tena. Mardhiya alimvuta Sheikha mpaka jikoni, akafunga mlango.

"Kwa nini? Si ungesema bado! Nani angejua?"

"Mimi."

"Mimi nilikuwa nakupa, Sheikha! Nilikuwa nakupa ndugu yangu!"

"Najua, dada." Sheikha alikuwa ameegemea sinki. "Alinificha kifo cha baba'ngu kwa kunipenda, nami nikamwambia hayo si mapenzi. Nikamwachisha mke kwa hilo. Leo nimwendee na uongo, amelala hawezi kunijibu? Nitamtazamaje?"

Mardhiya alimkumbatia kwa nguvu, akalia yeye kwa niaba ya wote wawili. Bi Raya akaingia polepole, akavuta kiti.

"Umesema kweli, Mungu atakulipa," alisema. "Kumwona hutamwona, mwanangu. Si mumeo."

"Sawa."

"Kama unataka, ukae hapa nasi siku tatu za msiba. Kama mgeni mwingine yeyote."

"Na eda, Bi Raya?"

"Eda gani? Yako imekwisha. Ya kufiwa hukai, hukufiwa na mume."

"Hata siku chache?"

"Hata moja."

"Mama'ngu amekatazwa wanja," Sheikha alisema. "Amekatazwa udi na asumini, kila mtu anajua kwamba alikuwa na mume na kafa. Na mimi nikatazeni. Nikatazeni kitu kimoja tu."

Bi Raya alimshika mkono.

"Hukatazwi kitu, mwanangu. Paka wanja wako. Hakuna wa kukukataza."

Hapo ndipo Sheikha alipolia.